Mwenyekiti, Tupishe Tuone Mlima

Shule za siku hizi haziwezi kumaliza wiki mbili bila kumwandikia mzazi, na sijawahi kupata ujumbe wa shule ulioniuliza hali. Huanza na "Mzazi mpendwa", na hapo mkono wangu hukimbilia mfukoni wenyewe. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019 nimepeleka darasani maboksi matupu, maharagwe ya kuotesha, vitambaa vya kushonea, kuku mmoja aliyerudi amekonda, na picha za wanyamapori zilizochapishwa kwa rangi pale saiba kwa bei ya nusu kilo ya nyama. Vyote nimetoa huku nikinung'unika, maana kutoa kwa kunung'unika bado ni kutoa. Lakini muhula wa kwanza wa mwaka huu ujumbe ulikuja na jambo jipya: kila mzazi wa gredi ya sita atoe shilingi 50 za bando, kwa ajili ya simu ya video ya kimataifa.

Mimi ni guka, yaani babu, wa mtoto mmoja wa gredi hiyo. Mama yake anachuma maua kule Naivasha, nami naziba panchari za malori hapa Mai Mahiu, kando ya barabara kuu, ambapo vumbi, baridi na madeni ya madereva hunifikia kwa zamu. Niliacha gurudumu limelala chini nikaenda shuleni kuuliza.

"Guka," mwalimu wa gredi ya sita akaniambia kwa ile sauti ambayo vijana hutumia kumtuliza mzee, "watoto watazungumza na wenzao wa Uingereza, uso kwa uso. Watasoma bila kuta."

"Mwalimu, kuta tulichangia mwaka jana," nikamwambia. "Deni la saruji halijaisha, na tayari mnataka kusoma bila hizo kuta?"

Akacheka, nami nikatoa hamsini. Mwalimu huyu bado ni msichana, ana bidii, na kazi nyingi za shule huzifanya kwa simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo ukimnyima hamsini, utampa nani?

Mitambo mimi siiogopi. Mai Mahiu tumeishi nayo miaka mingi, ila taabu yake ni kwamba hupita tu, haishuki. Ukishika barabara ya Narok, upande wako wa kulia, chini ya mlima Longonot, utaona masinia makubwa meupe yaliyoelekea angani. Hicho ndicho kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970, cha kwanza cha aina yake katika Afrika Mashariki. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Simu za kwenda ng'ambo zilipandia hapo, zikaenda hadi kwenye setilaiti, zikateremkia Ulaya. Sauti za mawaziri, mabalozi na matajiri wa Nairobi zilikuwa zikipita juu ya mbuzi wa baba yangu kuelekea London, na sisi wenye mbuzi tukitaka kumjulia hali mjomba aliyekuwa Nakuru tulimtuma mtu kwa basi.

Nyuma ya mlima huohuo kuna Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Nchi nzima inawashiwa taa na joto la chini ya miguu yetu, na sisi upepo wa jioni ukivuma stima inapotea. Oktoba 2019 treni ya SGR ikaanza kuja huku hadi Suswa. Tuliipungia mikono kwa wiki kadhaa, halafu tukachoka. Siku hizi kuna intaneti ya sahani za Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023. Sahani ninayoifahamu mimi iko juu ya hoteli moja ya madereva. Usiku wa mpira, lori zima la vitunguu linaweza kuozea nje dereva akitazama mchezo wa marudiano. Shule iko umbali wa kutupa jiwe, na mawimbi ya hoteli yanaishia kwenye ua wa michongoma.

Lakini kilichonifurahisha kupita vyote ni maputo. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona. Redio na televisheni zikapewa kazi ya ualimu, na watoto wa shule za kulipia wakaanza kusoma kwa Zoom huku mama akishikilia simu. Julai mwaka huo kampuni ya Loon, ndugu yake Google, kwa kushirikiana na Telkom, ikazindua intaneti ya maputo. Ndiyo, maputo! Yalikuwa kama 35, yakielea kilomita 20 juu ya vichwa vyetu, yakiangalia eneo la karibu kilomita 50,000 za mraba, na Nakuru ilitajwa miongoni mwa sehemu zitakazonufaika. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa akitoka nje na simu, anatazama juu, anaitazama simu, anatazama juu tena. Januari 2021 wenye maputo wakatangaza kwamba wanafunga kazi kwa kuwa biashara yenyewe haikulipa. Mwezi huohuo shule zilifunguliwa kwa watoto wote, na mjukuu wangu akarudi darasani kwa miguu.

Vitu viwili au vitatu vilishuka kweli, nisiwe mwizi wa fadhila. Mwaka 2013 tuliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia mwaka 2016 zikaja tableti, zaidi ya milioni moja, kwa zaidi ya shule 20,000, pamoja na kompyuta ya mwalimu na projekta. Za shule yetu zilipokelewa kwa nyimbo. Zikatengenezewa chumba chenye mlango wa chuma na dirisha la nondo, zikafungiwa humo zisiibwe, na ufunguo ukakaa kwa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mikutanoni Naivasha. Hazikuibwa, na wala hazikuguswa. Watoto waliokusudiwa kuzitumia sasa wana ndevu.

Basi projekta ile ndiyo iliyotolewa kwa ajili ya simu yetu ya kimataifa. Ilifutwa vumbi, ikawashwa, ikaonyesha mwanga hafifu ukutani ambao hakuna aliyeweza kuuona, kwa sababu darasa letu lina madirisha sita na hakuna hata pazia moja. Mwalimu akanijia tena kibandani.

"Guka, tusaidie lile turubai."

"Mwalimu, lile turubai ni la mteja. Lori lake liko Gilgil linangoja springi."

"Ni la dakika arobaini tu, guka."

Turubai likaenda, na mimi nikaenda nalo, maana turubai la mtu haliachwi peke yake. Tukalitundika madirishani. Darasa likawa na giza safi kabisa, na joto la kuivisha mkate.

Sasa sikiliza mambo ya saa. Walimu wa pande mbili walikuwa wamekubaliana tangu Februari: Jumatatu moja mwishoni mwa Machi, saa tano asubuhi ya Uingereza, yaani saa nane mchana ya kwetu. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi siku walipoipiga. Ila Waingereza, Jumapili ya mwisho ya Machi, husogeza saa zao mbele kwa saa nzima, kwa hiari yao, bila kusukumwa na mtu. Sisi wa karibu na ikweta hatuna desturi hiyo. Jua letu lina adabu. Kwa hiyo Jumatatu ile, saa saba kamili, watoto wakiwa ndio kwanza wameketi na sahani za githeri, kompyuta ya mwalimu ikaanza kulia.

Watoto wa Uingereza wakatokea ukutani wamekaa wima, sare zimenyooka, wakiwatazama wenzao waliofumba midomo iliyojaa mahindi. Hakuna aliyeweza kusema jambo. Mwalimu akainua mkono kusalimia, na hapo ndipo mwalimu mkuu alipoingia mbio, akainama mbele ya kompyuta na kuwaomba Waingereza wasubiri kidogo kwa sababu mgeni rasmi bado yuko njiani kutoka Naivasha.

Nataka ulitafakari jambo hilo. Watu wako kilomita elfu kadhaa. Wametufikia kwa sekunde moja, wanaonekana, wanasikika, na darasa limejaa watoto wenye madaftari ya maswali. Nasi tumewaweka wangoje mtu anayetoka Naivasha.

Mgeni rasmi, mwakilishi wadi wetu, alifika saa saba na nusu, na kwa viwango vyake hiyo ilikuwa mapema ajabu. Kwanza kukawa na maombi, yakafuatiwa na wimbo wa kwaya ulioimbwa gizani. Mwalimu mkuu akamkaribisha mwenyekiti wa bodi, mwenyekiti akamkaribisha chifu, chifu akasema yeye hana mengi, akayasema, kisha akamkaribisha mheshimiwa. Mheshimiwa akaitazama projekta na kuwaeleza watoto wa miaka kumi na mmoja wa Uingereza habari za mtaro unaochimbwa nyuma ya soko. Katikati ya mtaro mtandao ukakwama. Sisi sote tuliona sura za Waingereza zimeganda, mmoja amefumba jicho, mwingine kidole kiko puani. Mheshimiwa alidhani wametulia kumsikiliza, akaongeza habari za basari.

Mtandao uliporudi, mwalimu wao alikuwa akiomba radhi. Walikuwa na mpaka saa sita ya kwao, wakati wa chakula, na zilibaki dakika chache. Watoto wake walikuwa wakisoma habari za volkano, maana ziko katika mtaala wao, na walikuwa wameambiwa kwamba darasa hili liko chini ya volkano ya kweli. Tafadhali, wangeweza kuiona?

Ombi zuri na jepesi lilikuwa hilo! Longonot iko pale, huhitaji kuitafuta. Ilitapika moto mara ya mwisho miaka ya 1860, hivi juzi tu kwa umri wa mlima, na ukitoka nje ya darasa letu imejaa macho yote. Mwalimu akachomoa kompyuta, akaibeba mikononi, akatoka nayo mbio, watoto nyuma yake, mimi nyuma ya watoto nikishikilia kona ya turubai. Akaielekeza mlimani. Na mwenyekiti wa bodi, aliyekuwa amezoea kwamba kamera ikitolewa nje ni kwa ajili ya picha ya pamoja, akaenda akasimama mbele yake, akavuta koti, akatabasamu. Mheshimiwa akasimama kuume kwake, chifu kushoto.

Longonot ina mita 2,776. Mwenyekiti, nikimpimia kwa jicho la fundi, ana futi tano na nusu. Lakini aliuficha mlima wote, kuanzia mizizi mpaka ukingo wa kreta, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Nchi hii ina adabu nyingi mahali zisipotakiwa. Sauti ya mtoto mmoja wa Uingereza ikasikika ikiuliza kama huyo ndiye mwenye volkano, kisha bando likaisha.

Jioni kikundi cha wazazi cha WhatsApp kikajaa picha. "Shule yetu yaunganishwa na dunia." Nilizitazama zote, na katika picha zote sikuona mtoto, isipokuwa mkono wa mmoja uliokuwa ukimpelekea mheshimiwa maji ya chupa. Maji yale nayo yalitoka katika hamsini zetu.

"Mliwauliza nini?" nikamuuliza mjukuu wangu wakati wa chai.

"Tuliambiwa tuseme asanteni."

"Na wewe ulikuwa umeandika nini kwenye daftari?"

Akalileta. Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza chake kilichonyooka kuliko changu: kama nyinyi hamna mlima wa kuangalia, mnajuaje kwamba mvua inakuja? Nimekaa Mai Mahiu maisha yangu yote, na mpaka leo sijasikia mgeni rasmi yeyote akisema kitu cha maana kuliko hicho.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata miguu. Enzi zetu tulisoma kwa redio. Sauti ya Kenya ilikuwa na vipindi vya shule. Mwalimu aliweka redio mezani, tukafunga mikono, na mtu wa Nairobi akatufundisha Kiingereza. Alikuwa mwalimu mzuri sana, mwenye sauti safi, asiyechelewa kamwe. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakutusikia. Tungeweza kuuliza, kulia, au kutoka darasani wote, yeye angeendelea. Televisheni ilipokuja ikawa vilevile, ila na sura. Leo mtoto akifunguliwa somo la YouTube, anayemfundisha hajui kwamba mtoto huyo yupo duniani.

Simu ya video ina kitu kimoja ambacho hivyo vingine vyote havina: aliye upande wa pili anakusikia, na ukimuuliza lazima akujibu, na asipojua utamwona hajui. Gharama yote iko hapo. Ndicho tunachonunua kwa bando. Kwa hiyo mtoto asipouliza, tumenunua redio, tena redio ya bei ghali, yenye kukwama, inayohitaji turubai la mteja. Na mtu mzima anayeshika ile nafasi ya kuuliza akaitumia kuhutubia amewaibia watoto kitu ambacho hakuna mlango wa chuma unaoweza kukilinda.

Wala usiniambie tatizo ni umaskini wetu wa vifaa. Hapa hapa kaunti ya Nakuru, kule Njoro, kijiji cha Pwani, katika shule ya upili ya Keriko, alikuwepo Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kubahatisha, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Yeye alikuwa akienda saiba, anapakua masomo, kisha anarudi nayo kijijini kama mtu anayechota maji kwa jerikeni kwenye bomba la mbali, na darasani wanafunzi wanakunywa. Machi 2019 huko Dubai alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Sikusikia kwamba Tabichi alisubiri mgeni rasmi ndipo afungue jerikeni.

Nilimwambia mwalimu wetu maneno haya alipokuja kuchukua turubai mara ya pili. Naam, alikuja mara ya pili, mapema muhula uliofuata. Alikuwa akifundisha Masomo ya Jamii, mada ya biashara kati ya Kenya na majirani zake, na kitabu kilikuwa na picha moja ya mpaka, nyeusi na nyeupe, ambayo ingeweza kuwa mahali popote penye ua.

"Guka, wewe si unawajua madereva?"

Nawajua madereva! Nawajua kwa magurudumu yao, kwa madeni yao na kwa visingizio vyao. Mmoja wao ana binti katika darasa lilelile, na wiki hiyo alikuwa Malaba, amezima injini, amekaa kwenye foleni ya kuingia Uganda na mbolea aliyoipakia Mombasa. Mtu aliyekaa kwenye foleni ya Malaba ana kila kitu anachohitaji mwalimu wa simu ya video: ana wakati, ana jambo la kuonyesha, na ana hamu ya kuongea na mtu yeyote asiye utingo wake.

Safari hii hakuna aliyeandikiwa barua. Mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni, na mwenyekiti hakujulishwa. Tulitundika turubai jua lisipige kioo, mwalimu akasimamisha simu yake mwenyewe juu ya boksi la chaki, akaweka sheria moja: anayeuliza aje mbele, asikilize jibu, kisha awageukie wenzake awaeleze kwa sauti. Simu moja ndogo, watoto zaidi ya hamsini, na hakuna aliyekosa neno, kwa sababu kila jibu lilisemwa mara mbili, na mara ya pili lilisemwa na mtoto.

Wa kwanza akauliza amebeba nini na ni nani anayejua kwamba hajauza nusu njiani. Dereva akashuka, akazunguka nyuma ya lori, akawaonyesha kufuli la kielektroniki. Akaeleza kwamba Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia shehena pamoja kwa mtambo mmoja ulioanza mwaka 2017, na kwamba kufuli hilo likikatwa, watu wa ushuru wanajua kabla yeye hajakimbia. Mtoto akawageukia wenzake: "Anasema kufuli ni mchongezi." Kitabu hakijaeleza vizuri namna hiyo.

Wa pili akauliza anakwenda choo wapi. Mwalimu akashika kichwa, lakini dereva alilijibu kwa uzito wote. Akasema vyoo vya kulipia vipo, ila ukisogea foleni husogea nawe, na ukirudi unakuta nafasi yako ina lori jingine, hivyo wenzake wengi huacha kunywa maji kuanzia Bungoma, halafu wanaumwa mgongo na figo. Darasa likanyamaza. Ndipo msichana mmoja akauliza kwa nini serikali mbili zenye mtambo wa kumwona mwizi wa mbolea haziwezi kumwekea dereva choo. Nilimtafuta mheshimiwa kwa macho ili ajibu, kumbe sikumwalika.

Kisha akapita mtu wa kubadilisha fedha na mabunda yake, na dereva akamwita dirishani. Siku hiyo, alisema, shilingi moja ya Kenya ni 27 za Uganda. Mvulana mmoja mwembamba, mchokozi, akapiga hesabu kwa vidole na hewa. Hamsini aliyopewa na mama yake ni 1,350! Akatangaza kwamba yeye akivuka daraja ni tajiri, na waliomdharau watamtafuta. Dereva akamuuliza mbadilishaji soda upande wa pili ni bei gani. Elfu moja na mia tano. Utajiri wa mvulana yule uliishia hapo, kabla hata hajafungua chupa, na darasa zima likaelewa jambo ambalo mimi nililielewa baada ya kulipwa na dereva mmoja kwa noti za Uganda na kusherehekea mapema.

Mwisho akaja binti wa dereva mwenyewe. "Baba, unarudi lini?" Ijumaa, akasema baba. Msichana akawageukia wenzake kutoa tafsiri: "Amesema Ijumaa, yaani Jumapili." Tulicheka mpaka turubai likaanguka.

Hayo yote yalichukua dakika zisizofika ishirini. Hapakuwa na projekta, wala Uingereza. Sina neno na Uingereza; wale watoto walikuja na swali zuri, sisi ndio tuliowaonyesha koti. Ninalosema ni kwamba umbali peke yake haufundishi. Malaba ilifundisha kwa sababu palikuwa na kitu cha kuona, mtu anayekijua kwa mgongo wake, na watoto walioachwa wamhoji. Ukiwa na hayo matatu unaweza kupiga simu hata ng'ambo ya barabara. Ukiyakosa, piga hata kwa mfalme, utapata picha za WhatsApp.

Na hamsini yangu je? Simu ya Malaba ilipigwa kwa bando la mwalimu, kutoka mshahara wa mwalimu. Hapa kuna mtu aliyefundisha, na kuna watu waliokunywa maji, na pesa zetu zilikwenda kwa waliokunywa maji. Nimeliandika swali hilo kwenye kikundi cha wazazi. Nimejibiwa na vidole gumba vinne na sala moja ya asubuhi.

Sasa darasa linaingia mada ya nishati. Mwalimu anatafuta mtu anayefanya kazi kwenye visima vya mvuke vya Olkaria, atembee na simu dakika kumi awaonyeshe watoto jinsi mvuke unavyozungusha mtambo, maana kukodi basi la kuwapeleka ni pesa ambazo hata barua yenye "mpendwa" tatu haiwezi kuzitoa kwetu. Nimemwambia nitauliza, wateja wangu wengine hupeleka mabomba huko. Mjukuu wangu tayari ameandika swali: kama mvuke ni wetu, stima ikipotea tumpigie nani?

Kwa bahati mbaya habari imevuja. Jana mwenyekiti wa bodi alipita kibandani kwangu, amevaa lile koti, akauliza kwa upole siku hiyo ya Olkaria yeye atawekewa kiti upande gani. Mwalimu alikuwepo, akanitazama mimi mzee nimwokoe.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "wewe ni mtu mkubwa. Tutakuweka nyuma ya simu, pale pa heshima."

Ameshukuru sana. Amesema atakuja na mkewe.